Kontra ya Septemba hadi Juni

Mtu akisikia unafundisha shule ya binafsi hapa Lubumbashi, swali lake la kwanza ni lile lile: wanalipa dola ngapi? Siku hizi namrudishia swali: kwa miezi mingapi?

Shule nyingi ninazozijua, za komuni za Kampemba na Annexe, zinaishi kwa minervali, yaani karo ya wazazi. Mzazi akilipa, mwalimu analipwa. Mzazi akichelewa, promota, mwenye shule, anatuita ofisini na kutuomba tuvumilie. Julai na Agosti hakuna minervali, kwa hiyo hakuna mshahara. Kontra, yaani mkataba wa kazi, inaanza Septemba na inakufa siku ya kutangaza matokeo. Septemba inayofuata unasaini nyingine kana kwamba ndiyo kwanza umefika, hata kama nusu ya watoto wa mtaa wamepita mikononi mwako.

Sheria ya Kazi ya Kongo (Code du travail) ya Oktoba 2002 haikubali mchezo huo. Mfanyakazi hawezi kusaini na mwajiri yule yule kontra za muda maalumu zaidi ya mbili, wala kuifanya upya zaidi ya mara moja. Ukivuka hapo, kontra inahesabiwa kuwa ya kudumu. Imeacha nje kazi za msimu na nyingine chache. Nilipomweleza promota mmoja, alinijibu kwamba ualimu nao ni kazi ya msimu, maana shule hufungwa. Nilicheka, yeye hakuwa anatania. Kuvuna mahindi kuna msimu. Kumfundisha mtoto wa darasa la tano kugawanya kwa desimali, sijui msimu wake ni upi.

Halafu kuna CNSS, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii. Kwenye karatasi ya mshahara utaona umekatwa asilimia 5. Mwajiri naye anapaswa kuongeza 13 kutoka mfukoni mwake: 5 za pensheni, 6.5 za familia, 1.5 za ajali na magonjwa ya kazini. Ile 6.5 sisi akina mama tungepaswa kuijua kama tunavyojua bei ya makala ya kupikia, kwa sababu ndimo zinamotoka pesa za mimba na za uzazi. Lakini kukatwa ni jambo moja, na pesa kufika kule ni jambo lingine. Kuna shule niliyofundisha zamani ambako tulikatwa kila mwezi, na nilipokwenda kuulizia, miezi mingi haikuwapo. Nendeni mwulize mapema, kabla hamjaacha shule na kabla muhasibu hajahama.

Faida inayotushika kweli, ambayo haimo kwenye karatasi yoyote, ni watoto wetu. Mtoto wa mwalimu anasoma kwa nusu minervali, pengine bure kabisa. Ukiwa na watatu pale, hesabu inakaribia mshahara wenyewe, na promota anaijua hesabu hiyo kuliko wewe. Ndiyo maana katika mkutano wa walimu utaona wenye watoto shuleni wanaangalia chini, na wanaosema ni vijana wasio na mtoto. Mwenzetu mmoja aliondoka Februari kwa ugomvi wa malimbikizo. Wiki ile ile watoto wake walidaiwa minervali nzima. Punguzo hilo liandikwe kwenye kontra, pamoja na kinachotokea mwalimu akiondoka katikati ya mwaka. Tukiona haya kulidai, tutaendelea kulilipia kwa kunyamaza.

Mdogo wangu mmoja kazini aliniuliza: "Dada, si bora twende shule za serikali? Kule Julai wanalipwa." Ni kweli, aliye kwenye orodha ya DINACOPE (zamani SECOPE), idara ya mishahara ya walimu wa serikali, analipwa hata likizo. Lakini tangu elimu ya msingi ya serikali iwe bure mwaka 2019, najua waliokimbilia huko wakakaa muda mrefu wakifundisha bila kuingizwa kwenye orodha, wakiishi kwa mkopo wa unga. Sikumkataza. Nilimwambia aulize kwanza kama nafasi ile ina malipo au ina ahadi tu.

Mwaka huu tulimwomba promota wetu agawanye pesa za miezi kumi katika kontra ya miezi kumi na miwili. Muhasibu akasema hiyo si faida, pesa ni ile ile. Pesa, ndiyo. Ila Agosti utakuwa bado mfanyakazi: michango ya CNSS inaendelea, na ukiugua, matibabu yanabaki juu ya mwajiri kama sheria inavyotaka. Bila kontra, homa ya Agosti ni ya kwako peke yako, na pesa za masomo ya nyumbani ya likizo si za kutegemea: tunaoyafundisha tunajua wazazi wanavyolipa kwa vipande.

Walimu wawili walikataa, wanataka fungu lao kubwa kila mwezi, na siwalaumu, kodi ya nyumba haisubiri Agosti. Mimi mshahara wa mwezi umeshuka kidogo. Nimesaini.