Fangasi wa mwarobaini na presha ya bure

Kazi yangu bana ni majani. Nachuma jani la mwarobaini zima kabisa lisilo na doa, nalichovya kwenye spiriti halafu jiki ili vilivyoko juu vife vyote, nalisuuza, nakata vipande vidogo naweka kwenye sahani yenye chakula cha viazi na sukari, nasubiri. Kinachoota hapo ndo kilikuwa kinaishi ndani. Na hamna jani tupu, kila jani lina wapangaji wake, fangasi wanaoishi ndani yake.

Wapangaji hawa si wa kuwadharau. Mwaka 1993 watafiti wa Marekani walitangaza spishi mpya, Taxomyces andreanae, waliyoitoa ndani ya gome la mti unaotoa taksoli, dawa ya saratani, wakasema na yeye anaitengeneza, kiduchu sana lakini anaitengeneza. Mama nilipomsimulia akaniuliza, sasa hiyo dawa ni ya mti au ya ukungu? Nikakosa jibu, nikaomba chai.

Sasa mwezi uliopita kaota mmoja mweupe kama pamba, wiki ya pili akatoa vidoti vyeusi vinang'aa kama lami mbichi. Nikapeleka kwenye hadubini: spora, yaani kimbegu chake, ina vyumba vitano, vitatu vya kati kahawia, vya pembeni havina rangi, kichwani ndevu tatu na chini kamkia. Nikamrushia mwenzangu picha saa tano usiku, nikamwandikia TUMEPATA, yaani spishi mpya.

Wapi. Kipande cha DNA kinaitwa ITS, ndo kitambulisho rasmi cha fangasi tangu 2012, nikakilinganisha na walioko GenBank, ile hazina ya DNA ya mtandaoni, kikafanana asilimia 100 na majina kama kumi hivi tofauti! Ukoo wa huyu wangu, Pestalotiopsis, ndo ulivyo, 2014 wakaugawa sehemu tatu na moja ya alama ni rangi za vile vyumba vya kati tu, kwa hiyo ITS peke yake haikufikishi popote, lazima uongeze jeni nyingine mbili, na hizo zinataka hela na kusubiri. Nikasubiri. Majibu yakaja, kakaa katikati kabisa ya wanaojulikana zamani, wala hajajitenga hata kidogo, na mi nilishaanza kuwaza jina jamani.

Mwenzangu mpaka leo akiniona anasema tumepata.

Wiki hii nimeanza majani ya mlonge. Kuna mmoja wa rangi ya chungwa kaota, sijamwambia mtu.