Llanbister Road haiko Llanbister

Ukiona kwenye ramani ya reli ya Wales kituo kinaitwa Llanbister Road, usishuke ukidhani umefika kijiji cha Llanbister. Mimi nilishuka, na yaliyonipata ndiyo yamenifanya niandike.

Kilichonipeleka Powys, eneo la katikati ya Wales, ni maji. Ni mwaka wa tatu sasa nafanya kazi ya uuguzi Birmingham, na mzee mmoja wodini aliniambia kwamba maji ya mfereji ninayopikia chai yanatoka bonde la Elan, huko milimani Wales, yanateremka kilomita 118 bila kusukumwa na pampu. Nililala nikiyawaza. Sisi Wataita tunajua maana ya maji yanayopita: chemchemi ya Mzima iko kwetu, bomba linakwenda Mombasa, na akina mama wetu bado wanapanga foleni na mitungi. Nikaomba likizo ya siku nne, mwanangu nikamwacha kwa rafiki, nikaenda.

Mabwawa ya Elan niliyaona. Yalifunguliwa na Mfalme Edward VII mwaka 1904, na maji yanavyomwagika juu ya zile kuta za mawe ni kama pazia jeupe limetundikwa. Chini ya maji hayo kulikuwa na nyumba za watu, na kanisa. Nililala Rhayader, mji wa karibu, siku mbili, chumba pauni 90 kwa usiku na maji ya kuoga vuguvugu, kipande cha keki na chai pauni 7. Kwa pesa hiyo kwetu Wundanyi unalisha nyumba nzima. Basi, ya Rhayader yaishie hapo.

Siku ya tatu nikapanda treni Llandrindod Wells. Hiyo reli ya Heart of Wales hupitiwa na treni chache tu kwa siku, na vituo vingi treni haisimami mpaka umwambie kondakta kwamba utashuka. Nikamwambia. Akanitazama, akauliza kama kuna mtu anakuja kunipokea. Nikajibu naenda Llanbister, nimelipia chumba cha shambani. Alitaka kusema kitu, abiria mwingine akamwita.

Nikashuka peke yangu. Treni ikaondoka, sauti yake ikapotelea kondeni, nikabaki na kibanda, benchi na mvua. Hakuna duka wala mtu. Simu haikuwa na mtandao hata kidogo. Nikashika barabara nikiamini kijiji kiko baada ya kona. Baada ya kona kulikuwa na kondoo. Kona ya pili, kondoo. Barabara ni nyembamba, imebanwa na ua mrefu wa miti pande zote mbili, huna pa kujitupa gari likija. Mvua ya kule haipigi kwa nguvu kama yetu ya masika, inakuingia polepole mpaka unakuta soksi zimelowa. Nilitembea karibu saa nzima. Kwa kweli nililia, maana giza lilikuwa linakaribia na sikujua nilikokuwa naelekea.

Ndipo ikaja pikapu kuukuu, nyuma imebeba kondoo wawili, mbele kuna mzee na mbwa. Mzee akateremsha kioo. Hakuuliza natoka wapi. Akasema, "Llanbister, siyo?" Nikaitikia kwa kichwa. Akamsukuma mbwa, akanifungulia mlango. Njiani akanieleza: walioijenga reli hawakuifikisha kijijini, na pale kijiji kilipokuwa mbali waliongeza tu neno Road kwenye jina la kituo. Kwa hiyo Llanbister Road ni mahali pa kuanzia safari ya kwenda Llanbister, maili tano hivi. Wenyeji wanalijua hilo tangu utotoni, na hakuna anayefikiria kumwambia mgeni.

Alinipeleka kwake kwanza nikaushe nguo. Mkewe akanipa sweta lake na bakuli la *cawl*, mchuzi wa nyama ya kondoo na viazi na liki (mboga ya jamii ya kitunguu), mzito, wa moto. Nilikuwa nakula huku namsikia akimsemesha mbwa kwa lugha nisiyoijua. Nikamuuliza. Akasema ni Kiwelshi. Yeye aliolewa pale akitokea upande wa Machynlleth. Huku Radnorshire, yaani sehemu hii ya Powys, lugha ilikwisha kufa zamani, mumewe anaambulia maneno mawili matatu, kwa hiyo anazungumza na mbwa, na dada yake kwenye simu.

Kisha akanihadithia habari za *nain* wake, yaani bibi yake. Shuleni, mtoto akisikika akisema Kiwelshi alivikwa shingoni kibao kilichoandikwa W.N., Welsh Not. Anakaa nacho mpaka amsikie mwenzake akisema, anamvika yeye. Jioni kengele ikilia, aliyebaki nacho anachapwa.

Niliweka kijiko chini. Nikamwambia, mama, hicho kibao nimekivaa.

Sisi tulikiita disk. Chetu kilikuwa ubao wa sanduku la sabuni, umetobolewa na kutiwa kamba ya katani, na kamba imekuwa nyeusi kwa jasho la shingo zetu. Ukisema Kidawida, lugha yetu Wataita, unavikwa. Nikiwa darasa la nne kilinifikia saa nane mchana, na sikutaka kulala nacho. Nikamfuata binamu yangu kisimani, nikamwomba maji kwa Kidawida, kwa sauti ya upole, kama tulivyozungumza nyumbani. Akanijibu. Nikakivua nikamvika. Alichapwa viboko vinne na mimi nilikuwa nimesimama mstarini nikitazama. Hatujawahi kulizungumza hilo, na sasa yeye ni marehemu.

Yule mama hakusema pole. Alinyamaza muda, akasema nain wake alikataa katakata kusema Kiingereza na wanawe mezani.

Kesho yake walinipeleka Knighton, walikuwa na kondoo wa kuuza mnadani. Dalali anaimba bei kwa kasi mpaka maneno yanagandana, na wanunuzi wanaitikia kwa kupandisha nyusi tu. Njiani nilikuwa nasoma vibao: kila jina mara mbili, kwa Kiwelshi na kwa Kiingereza, na kwenye lami ARAF, punguza mwendo. Knighton kwa lugha yao ni Tref-y-Clawdd, mji wa kwenye tuta, kwa ajili ya boma la udongo la mfalme Offa la karne ya 8. Tangu mwaka 2011 sheria inakitambua Kiwelshi kuwa lugha rasmi Wales. Barabara ya Mwatate kupanda Wundanyi nimeipita mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, na sijawahi kuona kibao kimoja cha Kidawida. Mwanangu ana miaka tisa. Hajui hata salamu, na aliyemnyima ni mimi.

Mji wa Knighton uko Wales lakini kituo chake cha treni kiko England, unavuka mto tu. Nikakaa kwenye benchi upande huo, mtandao ukarudi, nikampigia mama yangu. Nilimsalimu kwa Kidawida kwa sauti, mpaka mwanamume wa benchi la pili akageuka. Sikupunguza sauti. Nikamwomba mama kila Jumapili ampigie mjukuu wake na asimsemeshe Kiswahili wala Kiingereza, hata kama mtoto haelewi. Akasema sawa, akaniuliza hao kondoo wa huko wana mikia mirefu au mifupi.