Jinsi nilivyoshiriki kulinda akili ya Baba alipofanyiwa upasuaji wa moyo

Baba alipopangiwa upasuaji wa moyo akiwa na miaka 72, ndugu waliuliza kama moyo utastahimili. Mimi nilihofia ubongo, kwa kuwa mzee mmoja wa mtaani kwetu alitoka kwenye upasuaji kama huo akawa hawatambui wanawe kwa siku kadhaa.

Daktari wa usingizi alinieleza bila haraka. Moyo unaposimamishwa, damu husukumwa na mashine, na vipande vidogo vya damu iliyoganda au viputo vya hewa vinaweza kufika kwenye ubongo. Shinikizo la damu likishuka mno, ubongo hukosa oksijeni. Kwa hiyo wangeupoza mwili, kisha wangeupasha joto polepole bila kuvuka nyuzi 37, huku vipimo vilivyobandikwa kwenye paji la uso vikifuatilia oksijeni ya ubongo. Hayo yalikuwa mikononi mwao, nami nikauliza langu ni lipi.

Kwanza nilisema kweli: kwa miaka mingi Baba alimeza diazepamu, dawa ya kutuliza na kuleta usingizi, kila usiku bila kumwambia daktari yeyote. Alinikasirikia, lakini dawa hiyo huweza kumvuruga mzee baada ya upasuaji, na kuikatiza ghafla nako ni hatari, hivyo ilibidi wapange mapema. Kisha nikamkabidhi muuguzi miwani yake na kifaa chake cha kusikia, maana mgonjwa asiyeona wala kusikia vizuri huchanganyikiwa upesi.

Hata hivyo, usiku wa pili alichanganyikiwa. Alidai treni ya Tanga inamwacha, akaanza kuvuta mipira aliyowekewa. Sikubishana naye, nilimshika mkono, nikamtajia jina langu, siku na mahali tulipo, nikarudia kila alipouliza. Mchana tulifungua pazia, usiku tuliomba taa zipunguzwe ili alale. Siku ya tatu alinyamaza kabisa, nami nikadhani ametulia, mpaka muuguzi aliponiambia kwamba ukimya wa namna ile nao ni dalili ya kuchanganyikiwa, pengine mbaya zaidi kwa kuwa haumshtui mtu. Nikaendelea kumsemesha.

Kila asubuhi nilimwamkia, naye hakuitikia. Siku ya tano niliposema, "Shikamoo, Baba," aliipapasa miwani yake, akaivaa, akanitazama.

"Marahaba, mwanangu. Mama yako amekula?"