Na Vyombo Vingine Vilikuwako

Wapendwa katika Bwana, neno la juma hili ni Marko 4:35–41, habari ya Yesu kutuliza dhoruba ziwani, ambayo wengi wetu tuliisikia tangu shule ya Jumapili. Kwa kuwa tumeizoea, tunakipita haraka kipande kilicho mwishoni mwa mstari wa 36: “Na vyombo vingine vilikuwako pamoja naye.” Marko hasemi vyombo hivyo vilikuwa vingapi wala vilimbeba nani, na baada ya hapo havitaji tena.

Kipande hicho kimenikaa moyoni tangu Jumamosi jioni, tulipotoka na kayaki katika Ziwa Sebago, hapa katika jimbo la Maine, Marekani, ziwa lile lile ambalo maji yake tunayanywa kila siku mjini Portland. Wikiendi ya Siku ya Wafanyakazi, ambayo Marekani huwa mwanzoni mwa Septemba, ndiyo ambayo watu wa huku huhesabu kuwa mwisho wa kiangazi. Jua ambalo mwezi Juni lilichelewa hadi karibu saa mbili na nusu usiku, sasa linazama saa moja na dakika chache, na baridi inaingia mara tu linapotoweka, ingawa maji yenyewe bado yana joto la Agosti. Mzee wetu mmoja, aliyevua ndagala, yaani dagaa, huko Uvira kwenye Ziwa Tanganyika katika ujana wake, alikitazama chombo chake cha plastiki akasema, “Huu si mtumbwi, ni sahani,” kisha akatutangulia sote.

Kayaki kwa kawaida ni chombo cha mtu mmoja. Unakaa umenyoosha miguu, kiuno kikiwa karibu usawa wa maji, na kafi lako lina bapa huku na huku, hivyo kila unapozamisha moja, la pili huinuka na kukuchuruzishia maji mapajani. Kiza kilipokaribia kila mtu aliwasha tochi yake, kwa maana kanuni za majini za Marekani zinamtaka apigaye kafi usiku awe na taa ya mwanga mweupe karibu naye, aioneshe mapema ili asigongane na wengine. Tochi ile haikusaidii sana kuona uendako. Umeibeba kwa ajili ya walio katika vyombo vingine.

Ziwa la Galilaya, ambalo Yesu na wanafunzi wake walikuwa wakilivuka, lina urefu wa kilomita 21 hivi na upana wa kilomita 13 hivi, nalo liko zaidi ya meta 200 chini ya usawa wa bahari, limezungukwa na vilima. Upepo wa Mediterania huvuka vilima vya magharibi na kuporomokea ziwani alasiri na jioni. Mwaka 1986, maji yalipokuwa yamepungua kwa ukame, ilipatikana matopeni karibu na Ginosar mashua iliyo ya nyakati za Bwana wetu, yenye urefu wa meta 8 na kitu na upana wa meta 2.3. Ikiwa chombo alichopanda Yesu kilifanana na hiyo, na bado kikaanza kujaa maji mbele ya wavuvi wazoefu, basi waliokuwa katika vyombo vingine nao walikuwa taabuni, tena wao hawakuwa na Mwalimu amelala shetrini, yaani nyuma ya chombo, ambaye wangeweza kumwamsha.

Aliyemwamsha ni nani? Ni wale wa chombo kimoja tu, na ombi lao halikuwa hata na adabu: “Mwalimu, si kitu kwako kuwa tunaangamia?” Hiyo ni lawama, nami nafarijika kuiona ikijibiwa. Bwana aliukemea upepo, “kukawa shwari kuu,” na shwari ya ziwa haichagui chombo. Watu ambao hawakuomba, ambao huenda hawakujua kamwe kwa nini upepo ulikoma ghafla, walivuta pumzi usiku ule kwa sababu majirani zao walilia. Wako wanaosema kwamba Marko aliviweka vyombo vile kwa sababu tu shahidi wa macho alivikumbuka, na huenda ni kweli. Lakini kumbukumbu hiyo inatosha kunibadilishia namna ya kuomba.

Tumezoea kuomba kwa ajili ya chombo chetu: kodi yetu, karatasi zetu za uhamiaji, watoto wetu. Msimu huu unapogeuka, wapo kati yetu wanaohamia majimbo mengine kutafuta kazi, vijana wanaoanza chuo mahali wasikomjua mtu, na majirani wa zamu za usiku ambao hawajawahi kukanyaga ibada yetu. Katika maombi ya Jumatano hii kila mmoja aje na jina la mtu asiyejua kwamba anaombewa, na asione haya akilia kama walivyolia wale wanafunzi.

Ee Bwana, uliyelala juu ya mto wa kulalia wakati wa tufani, wakumbuke usiku huu walio ng'ambo ya mwanga wetu, wanaopiga kafi wasijue kwamba uko karibu, na upepo unaowapiga uukemee hata kabla hawajalijua jina lako. Amina.