Daftari la Misalaba

Mnamo Januari 2017 niliitwa Lubumbashi na shirika dogo la utamaduni lililokuwa likitunza vitu vya kale katika nyumba ya kupanga, ili niliongoze kuandika mpango mkakati wa miaka mitano. Nilikuwa nimelipwa kwa siku tatu tu, kwa hiyo nilifika na rasimu niliyokwisha kuitumia kwingine, nikitarajia kubadilisha majina na tarehe. Sijivunii jambo hilo.

Siku ya kwanza iliishia kwenye dira. Tulibishana tangu asubuhi kama tuandike "urithi" au "kumbukumbu", hadi mvua ilipoanza kupiga mabati na hakuna aliyemsikia mwenzake tena.

Siku ya pili niliwasomea fasili iliyopitishwa na Baraza la Kimataifa la Makumbusho mwaka 2007, isemayo kwamba makumbusho hukusanya, huhifadhi, hutafiti, hueleza na huonyesha. Mama mweka hazina, ambaye hadi hapo alikuwa kimya akibana risiti za chai kwa pini, aliviandika vitenzi vile vitano pembeni mwa karatasi yake, akaniuliza: "Papa, mwaka jana sisi tulifanya kipi kati ya hivi?" Kisha akaweka kidole kwenye lengo langu la tatu, la kuazimisha vitu kwa maonyesho ya nje ya nchi. "Tutaazimisha nini, nasi hatujui tulicho nacho?"

Akaenda kuleta daftari. Ukurasa wa misalaba ya shaba, ile iliyotumika kama fedha Katanga kabla ya wakoloni na ambayo mitatu iliwekwa kwenye bendera ya Katanga iliyojitenga mwaka 1960, ulitaja misalaba 31. Tulifungua sanduku, tukaipanga mmoja mmoja sakafuni juu ya shuka jeupe, tukahesabu mara mbili: 27. Mmoja ulikuwa na madoa ya kijani hafifu yaliyobaki kidoleni kama unga, dalili ya ugonjwa wa shaba unaochochewa na chumvi za kloraidi zinapokutana na unyevu. Na sanduku lenyewe lilikuwa limewekwa palepale paa linapovuja.

Siku ya tatu niliiacha rasimu yangu. Mwaka wa kwanza wote tuliupa kazi mbili: kukipa kila kitu nambari yenye sehemu tatu, yaani mwaka kilipopokelewa, kundi lake na nafasi yake katika kundi hilo, na kuyahamishia masanduku kwenye rafu zilizoinuliwa, mbali na ukuta wenye maji. Maonyesho yalisogezwa hadi mwaka wa tatu. Dira tuliiandika mwishoni, kwa dakika kumi, na maneno yake nimekwisha kuyasahau.

Wiki chache baadaye mfadhili aliuliza kwa nini mwaka wa kwanza haukuwa na onyesho hata moja. Nilianza kuandaa jibu la kurasa mbili, lakini mama mweka hazina alinizuia. Akapeleka nakala ya ukurasa ule wa daftari, mistari minne ikiwa imezungushiwa kalamu nyekundu.