Majivu ya Maganda ya Maharage: Safari Kutoka Nakuru Hadi Khayega

Safari hii ilianzia kwenye majivu. Mwalimu mwenzangu, tuliyefundisha naye Nakuru kabla hajahamishiwa upande wa Khayega, Kaunti ya Kakamega, alinitumia ujumbe wa sauti kwamba wanafunzi wake wa gredi ya saba wanajifunza asidi na besi kwa kutengeneza musherekha, na anayewafundisha ni ajuza mmoja wa kijijini. "Njoo uone mwenyewe," akasema, "maana nikikusimulia utadhani natia chumvi."

Musherekha, kwa asiyeujua, ni ule munyu wa majimaji wanaoutumia Waluhya kwenye mrenda na kunde ili mboga ilainike na ibaki kijani. Mada hiyo mimi huifundisha kwa limau na maji ya sabuni, na watoto wangu hufaulu. Lakini kuna jambo limenikaa rohoni tangu mtaala wa umilisi ulipoanza kutumika nchi nzima mwaka 2019. Tunaambiwa tuwahusishe wazazi na jamii katika masomo. Katika shule nyingi ninazozijua, agizo hilo limeishia kuwa siku moja ya utamaduni: watoto wanavaa sketi za katani, wazee wanaalikwa, ngoma inachezwa, picha zinapigwa. Kesho yake tunarudi ubaoni, na wazee wanarudi nyumbani bila mtu kuwauliza wanajua nini. Nilitaka kujua kama kuna mahali jambo hili linafanywa vinginevyo. Mwalimu mkuu wetu akanipa ruhusa, nami nikapanda matatu ya Kisumu.

Njia hiyo naijua: Salgaa na malori yake, kukata kushoto Mau Summit, Kericho na mvua yake juu ya majani chai. Kisha barabara inateremka, unavua sweta, na ukifika Ahero kwenye mashamba ya mpunga joto limeshakukumbatia. Nililala Kisumu.

Asubuhi nikapitia Makumbusho ya Kisumu, yaliyofunguliwa mwaka 1980. Ndani ya uwanja wake pamejengwa boma zima la Kijaluo, Ber-gi-dala: nyumba ya mikayi, yaani mke wa kwanza, ikitazamana na lango, nyumba za wake wenza, simba, yaani vibanda vya vijana wa kiume, karibu na lango, ghala, zizi. Nilikuta kundi la wanafunzi wakinakili maneno ya vibaoni huku mwalimu wao akiwahimiza kwa kuwa basi linangoja. Mzee mmoja aliyekuwa ameketi kivulini akawatazama, kisha akanyanyuka akauliza, "Nani hapa ni kifungua mimba kwao?" Mvulana mmoja akainua mkono. "Haya, nenda ukasimame pale utakapojenga simba yako." Akamwita wa pili kuzaliwa, akamwita kitinda mimba. Wakasogea, wakabishana, wakasogezwa. Ikawa boma limejaa watoto waliosimama mahali pao, na hakuna aliyekumbuka daftari. Msichana mmoja akauliza, "Kwara," yaani babu, "na mimi?" Mzee akamjibu kwamba wasichana walilala siwindhe, nyumba ya bibi mzee aliyeitwa pim, na huko ndiko walikofundishwa hadithi, mafumbo na jinsi ya kuishi na watu. Boma lao wangelikuta kwa waume zao. Msichana hakuridhika na jibu hilo, wala mimi sikuridhika.

Nimelifikiria swali lake sana. Si kila kilichokuwamo bomani kinastahili kurudishwa, na mwalimu asiogope kulisema hilo mbele ya wazee na mbele ya watoto. Kilichonivutia ni jinsi mzee yule alivyofundisha. Hakueleza mpangilio wa boma. Aliwaweka watoto ndani yake, kila mmoja kwa nafasi yake ya kuzaliwa, hadi swali gumu likazuka lenyewe kutoka kwa mtoto aliyekosa pa kusimama. Kibao cha makumbusho kisingelizusha.

Kutoka Kisumu nilipanda gari la kwenda Luanda. Jirani yangu alikuwa mzee wa Bunyore, na alipojua mimi ni mwalimu na ninakokwenda, alitikisa kichwa. "Mwalimu, sisi tuliwapeleka watoto shule ili waachane na moshi na jembe. Leo mnataka kuwarudisha jikoni, na karo tumelipa?" Tulikuwa tunapita Maseno, shule iliyoanzishwa na wamishonari wa Kianglikana wa CMS mwaka 1906. Mwaka 1908 wanafunzi wake waligoma: walichoka kufanyishwa kazi za mikono, wakadai kufundishwa kusoma na kuandika. Hofu ya mzee yule, basi, ina miaka zaidi ya mia moja kwenye barabara hiyohiyo. Tume ya elimu ya Phelps-Stokes kutoka Marekani ilipozunguka Afrika Mashariki mwaka 1924 na kupendekeza elimu inayolingana na maisha ya Mwafrika kijijini, wengi walisikia jambo moja tu: mtoto wa mzungu apewe kitabu, wa kwetu apewe jembe. Nilimwambia mzee kwamba ana haki ya kuogopa. Ujuzi wa wazee ukiingia shuleni kuchukua nafasi ya kemia, huo utakuwa wizi uleule wa zamani. Akaniuliza kama huko niendako kemia inafundishwa. Nikamwambia ndicho ninachokwenda kutazama.

Luanda nikachukua boda hadi Emuhaya, kwa Wanganyi. Ukoo huu wa Wanyore umejulikana vizazi na vizazi kwa kusoma mvua: miti inapochanua au kupukutisha majani, mwenendo wa siafu na nyuki, ndege, upepo. Serikali ya kikoloni, iliyotunga sheria ya uchawi mwaka 1925, iliwatazama watu wa aina hii kwa jicho la shaka. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 2000, Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya na wataalamu wa ICPAC, kituo cha kanda cha utabiri wa tabianchi, waliketi nao. Kabla ya msimu, kila upande ulileta utabiri wake, wakalinganisha, wakatoa kauli moja kwa wakulima. Mwalimu yeyote anafaa kulitafakari hilo. Wazee hawakuitwa kupamba mkutano. Waliulizwa, "Mvua inakuja lini?" na mvua yenyewe ikawa mtahini wa wote wawili.

Sikuomba kuingia kwenye msitu wao wa ibada. Pana wenyewe, na si kila ujuzi ni wa kuanikwa mbele ya mgeni mwenye simu. Tangu mwaka 2016 Kenya ina sheria ya kulinda maarifa ya jadi, inayotambua kuwa jamii ndiyo yenye haki juu ya maarifa yake. Shuleni tunaisahau. Tunamwita mzee, tunaandika anayoyasema, tunayageuza kuwa maswali ya mtihani, na hatumuulizi kama anakubali.

Kupitia Majengo, Mbale na Chavakali nikafika Khayega jioni.

Somo lilianza kabla ya kengele. Yule ajuza, ambaye watoto wote walimwita Kukhu, yaani nyanya, alikuwa ameshafika na chungu kikuukuu chenye matundu kitakoni. Wanafunzi walikuwa wameleta maganda ya maharage yaliyokaushwa. Baada ya salamu za "mulembe" za kutosha akaanza kuyachambua: yenye unyevu kando, yenye udongo kando. Hakusema kwa nini. Watoto wakaanza kuchambua pamoja naye, na punde wakawa wanakosoana wenyewe kwa wenyewe. Akafagia mahali, akawasha moto, akawasogeza watoto upande usioelekea moshi. Majivu yalipokuwa meupe na kupoa, akatandika nyasi ndani ya chungu, akatia majivu, akayashindilia kidogo kwa kiganja, akamimina maji taratibu kwa kuzungusha. Tukangoja. Matone yakaanza kudondoka kwenye sufuria, rangi ya turungi.

Mvulana mmoja akauliza nyasi ni za nini. Kukhu akamsukumia chungu cha pili: "Weka bila nyasi." Mvulana akaweka, akamimina maji yote kwa pupa. Yakatoka maji mazito ya kijivu. Nilidhani atamkemea. Alimwambia tu kwamba hayo ni yake, na mboga yake ataipikia hayo.

Alizungumza Luisukha, lahaja ya Kiluhya ya huko, muda wote, na watoto ndio walionitafsiria kwa Kiswahili. Hapo niliona jambo ambalo sitalisahau: waliokuwa wepesi kunitafsiria, waliojua kila kifaa kinaitwaje, ni wale ambao mwenzangu alisema huketi nyuma kimya somo linapokuwa la Kiingereza. Ripoti ya tume ya elimu ya Gachathi ya mwaka 1976 ilikwisha kupendekeza watoto wa madarasa ya chini wafundishwe kwa lugha ya eneo lao. Hata hivyo wako watu wazima wengi nchini waliovishwa kipande cha ubao shingoni kwa kosa la kusema lugha ya mama yao uwanjani.

Kukhu akachovya kidole kwenye munyu, akausugua kati ya vidole, kisha akaugusisha ulimini. Mwenzangu akaingilia kwa adabu: katika sayansi haturuhusu kuonja. Wakakubaliana papo hapo kwamba watoto wasugue tone moja na kunawa, ulimi abaki nao Kukhu. Vidole vikateleza, na utelezi huo umo kitabuni katika sifa za besi. Kisha mwenzangu akatoa maji ya maua mekundu ya haibiskasi waliyoyatwanga asubuhi. Tone la musherekha likayageuza kijani. Karatasi nyekundu ya litimasi, ya kupimia asidi na besi, ikawa ya buluu. Wakajaribu limau, yakawa mekundu zaidi. Kukhu alikuwa ameinama kama wengine. Akauliza, "Na magadi ya dukani?" Wakajaribu: kijani. Akacheka, akasema siku musherekha ukiisha ndiyo anayotumia, sasa amejua ni ndugu. Mwenzangu akaandika ubaoni kaboneti ya potasiamu, ndiyo iliyomo kwa wingi kwenye majivu ya mimea, na kaboneti ya sodiamu, ndiyo iliyomo kwenye magadi.

Kisha wakapika kunde kwenye sufuria tatu: moja bila munyu, moja kwa kiasi cha Kukhu, moja kwa kijiko kilichozidi. Ya kwanza ilikuwa ngumu na imefifia rangi. Ya pili laini, kijani. Ya tatu ilirojeka na kuwa chungu. Yule mvulana wa maji ya kijivu alikula mboga yake yenye mchanga wa majivu akanyamaza. Mwenzangu akaeleza kwamba asidi ya mboga yenyewe ndiyo inayoharibu rangi ya kijani wakati wa kupika, na besi huizuia, lakini besi hiyohiyo huangamiza vitamini C. Watoto wakamgeukia Kukhu waone atasemaje. Akasema kwao kuzidisha munyu ilikuwa aibu ya mpishi, na sababu alikuwa hajaambiwa hadi leo.

Nchini Kanada, wazee wawili wa jamii ya Mi'kmaq, Albert na Murdena Marshall, walianza mwaka 2004 kuihimiza njia waliyoiita kuona kwa macho mawili: jicho moja litazame kwa nguvu za ujuzi wa jadi, la pili kwa nguvu za sayansi ya shuleni, yote mawili kwa faida ya wote. Nilikuwa nimesoma habari zake. Khayega niliiona ikitendeka kwa sufuria tatu.

Ugumu upo, tena mkubwa, na ni ratiba. Kipindi cha sekondari msingi ni dakika 40. Majivu hayapoi kwa dakika 40. Mwalimu mkuu wa pale aliunganisha vipindi, akaacha somo liingie ndani ya muda wa chakula cha mchana, na walimu wa masomo mengine hawakufurahi. Jina la Kukhu pia liliingizwa kwenye daftari la wageni wanaofundisha, akalipwa posho. Mwenzangu alipigania hilo kwa muda mrefu, kwa hoja kwamba mtaalamu akija kutoka mjini hulipwa.

Njiani kurudi nilikuwa na swali langu la Nakuru. Darasani kwangu wamo Wakikuyu, Wakipsigis, Waluo, Waluhya, Wakisii, Waturkana. Kukhu wa nani nimlete? Nimeamua kwamba kutafuta mmoja wa kuwasimamia wote ni kosa. Mada ndiyo itakayomchagua mwalimu wake. Muhula huu tutafika kwenye mabadiliko ya chakula, na mama wa mwanafunzi wangu mmoja huuza sokoni mursik, maziwa ya Kikalenjin yanayogandishwa ndani ya sotet, kibuyu kilichopakwa mkaa wa mti wa senetwet. Nilimpigia simu nikamweleza, nikamwomba ruhusa kwanza, nikamtajia posho. Nikamwambia nimeunganisha vipindi viwili.

"Mwalimu, vipindi viwili ni vya kuosha sotet na kuipaka mkaa wa senetwet," akasema. "Maziwa yenyewe nani atayangoja?"

Tumekubaliana atakuja Jumatatu, watoto waoshe na kupaka mkaa, maziwa yachemshwe, yapoe, yatiwe. Vibuyu vitakaa kwenye kabati la maabara, na watoto wawili watavikagua kila asubuhi na kuandika wanachokiona. Atarudi Ijumaa ya wiki itakayofuata kuvifungua. Ameniomba nihakikishe kabati hilo halina dawa za maabara, na leo mchana nimezihamisha.