Doh ni F

Kifilimbi changu cha kutolea sauti, yaani cha kuwapa waimbaji nota ya kuanzia, ni cha duara, kinaenea kiganjani, na kina matundu 13, kila tundu na nota yake, kuanzia F hadi F ya juu yake. Nilikinunua Moshi mwaka 1988 kwa fedha ya tangawizi. Tangu mwaka huo hadi mwisho wa 2002 hakuna wimbo wa kwaya ulioanza katika kanisa letu la Kisabato, huku juu kwenye milima ya Upare Kusini, kabla sijakitia mdomoni. Hatukuwa na kinanda wala gitaa. Niliandika nota za sol-fa, yaani doh, re, mi, ubaoni kwa chaki, sauti ya kwanza hadi ya nne, pembeni nikaandika "Doh ni F" au "Doh ni G", ili ijulikane doh ya wimbo huo inakaa kwenye nota ipi ya kifilimbi, halafu nikapuliza, na watu 30 wakavuta pumzi kwa pamoja. Asiyewahi kusimama mbele ya watu 30 wanaosubiri pumzi yake hajui jinsi jambo hilo linavyoingia moyoni mwa mtu na kujenga nyumba humo.

Mtu ninayetaka kusimulia habari zake nilimfundisha mimi. Jina lake sitalitaja. Yu hai na bado anafundisha kwaya. Alianza kunifuata mazoezini akiwa mtoto wa miaka 9, anakaa benchi la nyuma, miguu haifiki chini. Nikagundua ana sikio. Tukawa na mchezo wetu: yeye anasimama ameelekea ukutani, mimi napuliza tundu lolote, yeye anataja. "C." "A." "F, mwalimu." Haukupita mwaka akawa hakosei tena. Nilimpenda mtoto yule kama wa kumzaa. Nilimfundisha kuandika besi yenye mwendo wake yenyewe, nikamwonyesha wapi pa kuwaacha waimbaji wapumue.

Akaenda chuo cha ualimu, akaimba mjini katika kwaya kubwa, na mwaka 2002 akapangiwa shule ya msingi hapa hapa kwetu. Nilikuwa wa kwanza kwenda kumpokea. Ndani ya miezi mitatu vijana waliokuwa wameacha kwaya walianza kurudi. Mazoezi ya Alhamisi kwangu yalikuwa yakichelewa saa nzima. Siku nilipougua nikamwomba anishikie, nilisikia kwamba benchi zilijaa kabla jua halijazama. Aliyeniletea habari hiyo aliileta kwa furaha. Nikajibu, "Bwana asifiwe," na ndani yangu kitu kikajikunja.

Kwetu viongozi wa kanisa huteuliwa na kamati ya uchaguzi. Majina husomwa Sabato moja, yakasomwa tena Sabato nyingine, ndipo washiriki hupiga kura; katikati hapo mwenye pingamizi huenda kuiona kamati. Mwezi wa Desemba yakasomwa majina ya viongozi wa 2003. Kiongozi wa kwaya, yeye. Msaidizi wake, mimi.

Wiki nzima nilitafuta pingamizi. Nilimpekua kijana wa watu kichwani mwangu kama nguo inayotafutwa chawa. Hakuwa na ugomvi na mtu. Zaka alitoa. Mama yake alimtunza. Nadhani hilo ndilo lililonitesa kuliko yote, maana ukiwa na chuki kwa mtu mwovu angalau una pa kuegemea, lakini mimi nilikuwa nimesimama na kijicho changu mahali pakavu, bila sababu hata moja ya kukivika. Sabato ya pili nilinyoosha mkono pamoja na wengine kumpitisha. Mke wangu aligeuka akautazama mkono wangu, kisha akanitazama usoni, akarudi kutazama mbele.

"Sauti utaendelea kutoa wewe, mwalimu," kijana aliniambia siku ya kwanza. Leo najua ilikuwa heshima. Wakati ule niliipokea kama makombo.

Mwaka 2003 haukuwa mwaka wa kawaida Upareni. Ilikuwa inatimia miaka 100 tangu Johannes Ehlers na Abraham Enns wafike kutoka Ujerumani na kufungua pale Giti misheni ya kwanza ya Kisabato katika nchi hii. Kila kwaya ya milimani ilitaka kwenda makambi ya mwaka ule, mikutano yetu mikubwa ya ibada, na wimbo wake yenyewe. Kijana akatunga Zaburi ya 121. "Nitayainua macho yangu niitazame milima." Doh ni F. Binti mmoja wa sauti ya kwanza anatangulia peke yake, anapanda taratibu, na kwenye silabi ya katikati ya neno "milima" anaifikia doh ya juu, anakaa hapo mapigo manne, huku sauti tatu zinaingia chini yake moja baada ya nyingine kama ukungu unavyopanda kutoka bondeni alfajiri. Niliisoma ubaoni kabla watu hawajaingia. Nikajua kwamba katika miaka 14 sikuwahi kuandika kitu kama kile. Nilipaswa kumshukuru Mungu kwa ajili ya mwanafunzi wangu. Nilichofanya ni kukaa chini na kuhesabu miaka.

Wimbo uliimbwa mara ya kwanza Sabato moja ya Februari, mchungaji wa mtaa alipotutembelea. Binti aliyetangulia alikuwa na miaka 17, mtoto wa mama mmoja mchuuzi wa tangawizi. Asubuhi ile palikuwa na baridi, na F ya juu ndiyo ilikuwa mwisho wa sauti yake. Alikuwa akiifikia vizuri, lakini zaidi ya hapo hakuwa na ngazi. Hilo nililijua. Nilikuwa nimemsikiliza mazoezini wiki sita.

Kwaya ikasimama. Kijana akanigeukia, akatikisa kichwa kunipa ruhusa. Nikapuliza G.

Juu ya F kwa sauti moja tu nzima. Mtu aliyeketi kwenye benchi hawezi kuijua. Binti akaipokea, akaanza, akapanda, na alipofika kwenye "milima" sauti ikampasukia. Akajaribu kuikamata tena, ikapasuka mara ya pili. Watoto mbele wakacheka. Sauti nyingine ziliingia zikakuta hakuna wa kumshika mkono, wimbo ukaenda ukichechemea hadi mwisho. Mimi nilikuwa katika mstari wa sauti ya tatu, nimekishika kifilimbi nyuma ya mgongo.

Baada ya ibada wazee wa kanisa walimwita kijana. Nilikuwa karibu, nilisikia. Akawaambia, "Nimeandika juu mno, wazee wangu. Kosa ni la mtungaji." Alhamisi iliyofuata akafuta "Doh ni F" ubaoni, akaandika "Doh ni D". Huko chini besi wakawa wananguruma bila kusikika, na ule ukungu wa bondeni ukatoweka. Yule binti hakuja. Alhamisi nyingine hakuja. Kanisani alikuja, akakaa mwisho kabisa karibu na mlango, na nyimbo za mkutano zilipoimbwa nilimwona amefunga mdomo.

Nilidhani nitapata raha. Nawaambia kweli, hata siku moja sikuipata. Mithali 14:30 inasema husuda ni ubovu wa mifupa, na aliyeandika maneno hayo aliijua husuda kwa karibu: ilikuwa hainiumi mahali pamoja, iliniuma mwili mzima, nikilala na nikiamka. Nilianza kuchelewa kanisani. Nilianza kusinzia kwenye mahubiri. Mke wangu akaniuliza usiku mmoja, "Baba, umemfanya nini yule mtoto?" Sikujua anasema mtoto yupi, kijana au binti. Sikuthubutu kumuuliza.

Mwishoni mwa Machi ikafika Meza ya Bwana ya robo ya kwanza. Kwetu huwezi kuiendea meza kabla hamjatawadhana miguu. Wanawake hubaki kanisani, wanaume hutoka; sisi hutumia chumba cha watoto cha Shule ya Sabato. Mashemasi hupanga mabeseni, ndoo za maji ya uvuguvugu na taulo. Husomwa Yohana 13: "Basi ikiwa mimi, niliye Bwana na Mwalimu, nimewatawadha miguu, imewapasa vivyo kutawadhana miguu ninyi kwa ninyi." Kisha kila mtu hutafuta mwenzake. Ni rahisi mno kumshika mkono jirani yako ambaye hamjakoseana lolote, mkaoshana, mkaombeana, mkaenda zenu. Miaka mingi nilifanya hivyo. Siku ile nilikuwa nimeshajipangia kuoshana na shemeji yangu.

Neno "Mwalimu" ndilo lililonishika. Shemasi alilisoma bila kulikazia, nami nililisikia kama nimeitwa. Nikamwona kijana amesimama upande wa dirishani, bado hajapata mtu. Nikachukua beseni. Ule mwendo wa hatua kumi hivi nilihisi kila jicho linanitazama, ingawa nina hakika hakuna aliyekuwa na habari na mimi.

Alivua viatu. Nikapiga magoti, nikamimina maji, nikaushika mguu wake wa kulia. Mguu ule nilikuwa nimeuona ukining'inia kwenye benchi haufiki chini. Nilikuwa nimeandaa maneno mazuri ya jumla, yale ya "kama kuna mahali nimekukosea". Hayakutoka. Nikasema, "Siku ile nilipuliza G."

Akanyamaza kidogo. "Nilisikia, mwalimu."

Sijui ni nini kilinifanya nidhani hatasikia, mtu niliyemsimamisha ukutani mimi mwenyewe hadi akawa hakosei. Nikamuuliza, "Mbona hukutusimamisha?"

"Watu walikuwa wameshavuta pumzi," akasema. Kisha akaongeza taratibu, "Na F wewe ndiye uliyenifundisha. Ningemwambia nani kwamba umeikosea?"

Nililia pale chini, maji yakanipoa mikononi. Hakunikumbatia upesi. Aliniambia wazi kwamba alinisamehe kwa mdomo siku ile ile, lakini moyo ulikuwa umechukua wiki kadhaa, na kwamba zipo siku alipokuja mazoezini akitamani nisije. Nilimheshimu zaidi kwa kuniambia hivyo. Halafu akashuka kwenye benchi, tukabadilishana nafasi, akanitawadha. Kuoshwa miguu na mtu uliyemdhulumu, ambaye anajua ulichomfanya, ni kuzito kuliko kumwosha. Petro alikataa kwanza, nami nikaelewa kwa nini.

Ningependa kusema mambo yaliishia kwenye beseni. Hayakuishia hapo, kwa sababu kanisa zima bado lilijua kwamba mtungaji aliandika vibaya na binti hana sauti. Msamaha niliopewa chumbani ulikuwa wangu. Uongo ulikuwa bado unatembea nje. Alhamisi nikamwomba kijana dakika chache kabla ya mazoezi. Nikasimama mbele ya kwaya, nikawaambia nilichofanya na kwa nini. Nikatumia neno lenyewe, wivu. Hakuna aliyesema kitu. Mama mmoja wa sauti ya pili, ambaye tuliimba pamoja tangu 1988, alifunga daftari lake akatoka nje, na ilipita miezi asinijibu salamu kwa moyo. Alikuwa na haki.

Nikafuta "Doh ni D" ubaoni. Nikaandika F.

Kesho yake nilishuka hadi nyumbani kwa binti. Nilimkuta na mama yake wamekaa juu ya gunia wakichambua tangawizi. Sikukubali kiti. Nilieleza nikiwa nimesimama, mama akawa ananitazama kama mtu asiyenifahamu. Binti aliendelea kuchambua mpaka nikamaliza. Kisha akauliza jambo moja tu:

"Kwa hiyo sauti yangu haikuwa mbaya?"

"Haikuwa mbaya, mwanangu. Nilikupeleka mahali ambapo nilijua hutafika."

"Asante kwa kuniambia," akasema. Hakurudi kwenye kwaya. Nilienda tena mara mbili, na kijana naye akaenda. Baadaye aliolewa Tanga. Hilo sijaweza kulirudisha, na ninalitaja kila ninapoomba.

Wimbo akatangulia mwingine. Makambi yalipofika tulisimama chini ya turubai, mbele ya watu wengi kuliko nilivyowahi kuimbia. Nilikuwa mstari wa nyuma, sauti ya tatu, katikati ya vijana wawili niliowazidi umri wa kuwazaa. Kabla hatujapanda nilikuwa nimempa kijana kifilimbi, nikamwambia akae nacho. Alikitazama, akanirudishia mfukoni mwa koti langu mwenyewe, akaenda zake kupanga sauti ya kwanza.

Kwaya ikatulia. Alisimama mgongo kwa watu, uso kwetu, akanitafuta kwa macho katika mstari wa nyuma.

"Toa sauti, mwalimu."

Nilipapasa tundu kwa kidole, nikahakikisha, nikapuliza. Alifumba macho kama alivyokuwa akifanya ameelekea ukutani, akasema kwa sauti ya chini ambayo sisi peke yetu tuliisikia, "F." Kisha akainua mikono.